Kodi Ndani ya Bei: Jinsi Kaya Zinavyobeba Kodi za Matumizi na Namna ya Kujipanga

Kodi za matumizi ni kodi zinazotozwa pale mtu anapozitumia fedha zake, tofauti na kodi ya mapato ambayo hutozwa pale anapozipata. Mwajiriwa huiona kodi ya mapato kwenye hati yake ya mshahara kila mwisho wa mwezi, akajua kilichokatwa na kilichobaki, lakini kodi za matumizi humfikia zikiwa zimekwisha kuchanganywa na bei ya sabuni, ya vocha ya simu, ya umeme na ya mfuko wa saruji, hata kaya ikaweza kulipa kodi kila siku ya mwaka bila kuiona. Mama lishe ambaye hajawahi kukanyaga ofisi ya mamlaka ya mapato, mkulima asiye na mshahara na mwanafunzi anayetumiwa fedha na wazazi wake wote ni walipakodi kwa maana hii, na wote wana haki ya kujua wanalipa nini, wanalipia wapi na kwa uzito gani.

Hoja inayotetewa katika makala hii ni kwamba uzito wa kodi ya matumizi haupimwi kwa asilimia iliyoandikwa katika sheria peke yake, bali kwa mahali kodi hiyo inapokaa katika kapu la kila kaya. Asilimia moja na ile ile inaweza kuwa nyepesi kwa kaya yenye akiba na nzito kwa kaya isiyo nayo, na msamaha uliotolewa kwa nia njema unaweza kumkosa yule aliyekusudiwa. Kaya inayofahamu mambo haya hupanga matumizi yake kwa busara zaidi, hudai haki zake dukani, na hushiriki mjadala wa bajeti ikiwa na hoja, si manung'uniko tu.

Aina za kodi na mahali zinapokaa

Kodi kubwa kuliko zote katika kundi hili ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi huiita VAT. Tanzania Bara ilianza kuitoza tarehe 1 Julai 1998 kwa kiwango cha asilimia 20, kikapunguzwa hadi asilimia 18 mwaka 2009, na Zanzibar, ambayo ina sheria yake, hutoza asilimia 15. Kenya iliianzisha mwaka 1990 na kiwango chake cha kawaida sasa ni asilimia 16. Uganda, Rwanda na Burundi hutoza asilimia 18, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoianza mwaka 2012, hutoza asilimia 16. Viwango vinakaribiana, na utaratibu wenyewe ni mmoja: kila muuzaji aliyesajiliwa hutoza kodi kwenye mauzo yake, hutoa humo kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake, na tofauti ndiyo anayoipeleka serikalini.

Mfano mdogo unatosha kuonyesha utaratibu huo. Kiwanda cha sabuni kikiuza katoni kwa shilingi 10,000, huongeza kodi ya shilingi 1,800 na kumtoza muuzaji wa jumla shilingi 11,800. Muuzaji wa jumla akiiuza katoni hiyo kwa shilingi 12,000, huongeza kodi ya shilingi 2,160, lakini kwa kuwa amekwisha kulipa shilingi 1,800 kiwandani, huipelekea mamlaka shilingi 360 tu. Kila aliyesajiliwa hurejeshewa alichotoa, mpaka bidhaa imfikie mtu ambaye hana wa kumdai. Mtu huyo ni mlaji, na mzigo wote wa kodi hubaki kwake ingawa si yeye anayejaza fomu wala kuhesabiwa katika orodha ya walipakodi.

Kodi ya pili ni ushuru wa bidhaa, ambao hutozwa kwenye vitu vilivyochaguliwa kama vile bia, sigara, soda, mafuta na huduma za simu. Ushuru huu hukokotolewa kwanza, kisha VAT huwekwa juu ya jumla, ndiyo maana kodi mbili zikikutana huzaa zaidi ya jumla ya asilimia zake. Nchini Tanzania huduma za mawasiliano zimekuwa zikitozwa ushuru wa asilimia 17 pamoja na VAT ya asilimia 18. Huduma yenye thamani ya shilingi 100 hufika shilingi 117 baada ya ushuru, na shilingi 138.06 baada ya VAT. Kwa hiyo anayenunua vocha ya shilingi 1,000 hupata huduma yenye thamani ya takriban shilingi 724, na shilingi 276 zilizobaki ni kodi.

Kundi la tatu ni la tozo, ambazo mara nyingi huwekwa kwa kiasi maalumu cha fedha badala ya asilimia ya bei. Sheria ya Fedha ya Tanzania ya mwaka 2023 iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, na sheria hiyo hiyo iliweka ushuru wa shilingi 20 kwa kilo ya saruji, sawa na shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Kutoza kwa kiasi maalumu kuna athari ambayo haionekani upesi: anayenunua bidhaa ya bei nafuu hulipa kiasi kile kile anacholipa anayenunua ya bei ghali, na hivyo sehemu ya kodi katika bei yake huwa kubwa zaidi.

Kwa nini asilimia moja huwa na uzito tofauti

Mwaka 1857 mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alionyesha kwamba kadiri kipato cha kaya kinavyoongezeka, ndivyo sehemu ya kipato hicho inayotumika kwa chakula inavyopungua. Kaya yenye kipato kidogo hutumia karibu kila inachopata, na sehemu kubwa huishia jikoni. Kaya yenye kipato kikubwa hula vizuri zaidi, lakini hubakiwa na fedha za kuweka akiba, kununua kiwanja au kuwekeza. Kwa kuwa kodi ya matumizi hutozwa kwenye kinachotumika na si kwenye kinachowekwa, kaya isiyo na akiba hutozwa kwenye karibu kipato chake chote, na yenye akiba hutozwa kwenye sehemu tu. Hii ndiyo sababu wanauchumi huiita kodi ya namna hii kodi inayoshuka, yaani kodi ambayo uwiano wake na kipato hupungua kadiri kipato kinavyopanda.

Hata hivyo, hali halisi ya Afrika Mashariki ina sura nyingine inayopaswa kuzingatiwa. Nchini Tanzania mazao ya chakula ambayo hayajasindikwa, kodi ya pango la nyumba ya kuishi, ada za shule, matibabu na nauli za mabasi ya abiria hazitozwi VAT, na hivi ndivyo vitu vinavyochukua sehemu kubwa ya bajeti ya kaya maskini. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kaya tatu za Dar es Salaam. Kaya ya kwanza hupata shilingi 300,000 kwa mwezi na kuzitumia zote. Shilingi 182,000 huenda kwenye mchele na maharage ya sokoni, pango na nauli, na shilingi 118,000 huenda kwenye sabuni, sukari, umeme, vocha na vitu vingine vinavyotozwa VAT. Kaya ya pili, ya mwajiriwa anayenunua vingi katika maduka makubwa, hupata shilingi 900,000 na kutumia shilingi 472,000 kwenye vitu vya aina hiyo. Kaya ya tatu hupata shilingi 4,000,000, hutumia shilingi 1,180,000 kwenye vitu hivyo, na zilizobaki huziweka benki, hulipia shule na hununua viwanja.

VAT iliyomo katika matumizi ya kaya ya kwanza ni shilingi 18,000, ambayo ni asilimia 6 ya kipato chake. Ya kaya ya pili ni shilingi 72,000, sawa na asilimia 8. Na ya kaya ya tatu ni shilingi 180,000, sawa na asilimia 4.5. Hesabu hizi zinaonyesha mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba misamaha ya chakula na pango humkinga mwenye kipato kidogo kwa kiasi fulani, na kwamba mzigo mzito zaidi unaweza kumwangukia mtu wa kati ambaye mshahara wake umekwisha kukatwa kodi ya mapato kabla ya kufika dukani. La pili ni kwamba asilimia peke yake haisemi yote, kwa sababu shilingi 18,000 katika kaya ya kwanza zinaweza kuwa mboga na unga wa siku kadhaa, wakati shilingi 180,000 katika kaya ya tatu hupunguza akiba bila kugusa mlo.

Kuna jambo la tatu linalohusu mahali pa kununulia. Uchunguzi wa wanauchumi Pierre Bachas, Lucie Gadenne na Anders Jensen kuhusu nchi zinazoendelea umeonyesha kwamba kaya maskini hununua sehemu kubwa ya mahitaji yao kwenye magenge, masoko na kwa wachuuzi ambao hawajasajiliwa kutoza VAT, na kwamba sehemu hiyo hupungua kipato kinapoongezeka. Kwa hiyo VAT yenyewe huwafikia zaidi wanaonunua katika maduka rasmi. Pamoja na hayo, msomaji asidhani kwamba genge halina kodi kabisa. Muuza genge akinunua sukari, mafuta ya kupikia na sabuni kwa muuzaji wa jumla aliyesajiliwa, hulipa VAT humo, na kwa kuwa yeye hajasajiliwa hawezi kuidai, huiingiza katika bei ya kibaba na ya kipimo kidogo. Risiti haitolewi, lakini sehemu ya kodi imo, na anayenunua kidogo kidogo huilipa kidogo kidogo.

Misamaha: nani hasa anafaidika

Serikali hutumia njia mbili kuu kupunguza makali ya VAT, na tofauti yake ni muhimu kueleweka. Njia ya kwanza ni kiwango cha asilimia sifuri, ambapo muuzaji hatozi kodi kwenye bidhaa lakini bado ana haki ya kurejeshewa kodi aliyolipa kwenye malighafi, umeme na vifungashio. Njia ya pili ni msamaha, ambapo muuzaji hatozi kodi lakini pia hana haki ya kurejeshewa chochote. Katika njia ya kwanza bidhaa humfikia mlaji ikiwa safi. Katika njia ya pili kodi ya malighafi hubaki imejificha ndani ya gharama, na mzalishaji huipitisha kwa mlaji kupitia bei. Tangazo linaposema kwamba bidhaa fulani imeondolewa kodi, swali la kwanza la kuuliza ni imeondolewa kwa njia ipi.

Historia ya taulo za kike ni funzo kamili. Kenya iliziondolea VAT mwaka 2004, ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo. Tanzania ilizisamehe katika bajeti ya mwaka 2018/19, kwa matumaini kwamba wasichana wa shule wangezimudu, lakini mwaka mmoja baadaye msamaha huo ukaondolewa kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka na kwamba waliofaidika ni wafanyabiashara. Kilichokosekana ni mambo mawili: msamaha wenyewe uliiacha kodi ya malighafi ndani ya gharama, na hapakuwa na utaratibu madhubuti wa kufuatilia bei na kuzitangaza kabla na baada ya mabadiliko, ili mnunuzi ajue anachostahili kudai. Aliyeumia ni msichana yule yule ambaye sera ilitungwa kwa ajili yake.

Mafuta ya taa yanaonyesha upande wa pili, yaani kodi inayomkosa mlengwa na kumpiga mwingine. Kwa kuwa mafuta hayo yalikuwa na kodi ndogo kuliko dizeli, wapo waliokuwa wakiyachanganya na dizeli ili kujipatia faida, kitendo ambacho Watanzania hukiita uchakachuaji. Tanzania mwaka 2011 ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kufuta tofauti hiyo, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa kila lita kwa lengo hilo hilo. Mchakachuaji aliondolewa motisha, lakini aliyelipa gharama ya dawa hiyo ni mtu mwenye kibatari au jiko la mchina, ambaye hakuwa na dizeli ya kuchanganya. Kenya ilipoiweka gesi ya kupikia katika kiwango cha asilimia sifuri kuanzia Julai 2023, nafuu ilikwenda kwa wenye jiko la gesi na mtungi, na kaya isiyoweza kumudu gharama ya kuanzia ilibaki upande wa mafuta yenye tozo.

Msamaha wa chakula nao una mpaka wake. Kenya huuweka unga wa mahindi na mkate wa kawaida katika kiwango cha sifuri, na pendekezo la kuutoza mkate VAT ya asilimia 16 katika Mswada wa Fedha wa 2024 lilipata upinzani mkali hata likaondolewa, kabla ya mswada mzima kukataliwa na Rais William Ruto tarehe 26 Juni 2024 baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya watu. Upinzani huo ulikuwa na msingi, kwa sababu mkate ni kifungua kinywa cha kaya nyingi za mijini zenye kipato kidogo. Ni kweli vilevile kwamba kaya inayonunua mikate mingi zaidi hupata nafuu ya shilingi nyingi zaidi, hata kama ni tajiri. Kwa sababu hii msamaha unapaswa kuambatana na msaada unaomfikia mlengwa moja kwa moja, kama ule unaotolewa kwa kaya maskini na TASAF nchini Tanzania au na mpango wa Inua Jamii nchini Kenya.

Hatua ambazo kaya inaweza kuchukua

Hatua ya kwanza ni kuihesabu kodi. Wengi hukosea kwa kuchukua asilimia 18 ya bei waliyolipa, ilhali bei hiyo tayari ina kodi ndani yake. Njia sahihi kwa Tanzania Bara ni kuzidisha bei kwa 18 na kugawa kwa 118, na kwa Kenya kuzidisha kwa 16 na kugawa kwa 116. Bidhaa iliyonunuliwa kwa shilingi 59,000 mjini Mwanza ina VAT ya shilingi 9,000, na ya shilingi 5,800 za Kenya mjini Mombasa ina VAT ya shilingi 800. Kaya iandike matumizi ya mwezi mmoja katika safu mbili, moja ya vitu visivyotozwa na nyingine ya vinavyotozwa, kisha ikokotoe jumla ya kodi katika safu ya pili. Zoezi hilo huonyesha mara moja ni wapi kodi imejikusanya, na mara nyingi jibu huwa kwenye simu, umeme, vinywaji na vyakula vilivyofungashwa.

Hatua ya pili ni kuutazama umeme kwa makini, kwa sababu kodi hufuata bei, na bei hutegemea kundi la mteja. Kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, humtoza mteja wa nyumbani wa kundi la D1, yaani anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa uniti, na mteja wa kundi la T1, ambalo ni la matumizi makubwa zaidi, shilingi 292. Juu ya bei hizo huongezwa VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini ambayo huandikwa REA kwenye risiti ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, na asilimia 1 ya mamlaka ya udhibiti, EWURA, jumla asilimia 22. Kwa hiyo uniti 50 humgharimu mteja wa D1 shilingi 6,100, ambapo 1,100 ni kodi na tozo, na humgharimu mteja wa T1 shilingi 17,812, ambapo 3,212 ni kodi na tozo. Kaya yenye matumizi madogo ambayo imo katika T1 inashauriwa kwenda na risiti zake za LUKU katika ofisi ya TANESCO iliyo karibu na kuomba ifikiriwe kuhamishiwa D1.

Nafuu hii huwapita watu wengi wa vyumba vya kupanga, na hapa ndipo mzigo wa mtu wa chini unapoonekana kwa uwazi zaidi. Wapangaji watano wakichangia mita moja, na kila mmoja akitumia uniti 25, mita husoma uniti 125 na nyumba nzima huhesabiwa katika T1. Bili huwa shilingi 44,530, na kila chumba hutoa shilingi 8,906. Kila mmoja angekuwa na mita yake katika D1, angelipa shilingi 3,050 tu. Tofauti ya shilingi 5,856 kwa mwezi hupita shilingi 70,000 kwa mwaka, na inampata mtu ambaye matumizi yake ni ya taa, redio na kuchaji simu. Wapangaji wanashauriwa kumwendea mwenye nyumba wakiwa na hesabu hii mkononi na kukubaliana naye kuhusu kuweka mita za vyumba, hata ikibidi gharama ya kuunganisha ikatwe kidogo kidogo kwenye pango.

Hatua ya tatu inahusu miamala ya simu. Tanzania ilipoanzisha tozo ya miamala Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi kilichotumwa au kutolewa, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi cha kuifanya serikali ipunguze viwango kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo. Uganda nayo ilianza na asilimia 1 ya muamala Julai 2018, kisha ikashuka hadi asilimia 0.5 kwenye utoaji pekee. Hata mahali ambapo tozo za aina hiyo zimepunguzwa, ada za kampuni za simu zenyewe hubeba ushuru wa bidhaa, ambao nchini Kenya uliwekwa kuwa asilimia 15 mwaka 2023. Chovya chovya humaliza buyu la asali: anayetoa fedha kidogo kidogo mara nyingi hulipa ada, na kodi iliyo juu ya ada, kila anapotoa. Inafaa kusoma jedwali la ada lililobandikwa kwa wakala, kujua ngazi zake, kutoa mara moja kiasi cha wiki nzima badala ya kila siku, na kulipa moja kwa moja kwa simu pale ambapo gharama yake ni ndogo kuliko ya kutoa taslimu.

Hatua ya nne ni kununua kwa pamoja na kununua mapema. Nafaka ambayo haijasindikwa haina VAT nchini Tanzania, na bei yake huwa chini wakati wa mavuno. Kikundi cha majirani au cha kuweka na kukopa kinaweza kununua magunia ya mahindi na maharage msimu huo na kugawana, na kinaweza kununua katoni ya sabuni kwa bei ya jumla badala ya kila kaya kununua kipande kimoja kimoja. Kodi katika sabuni haiondoki, lakini kwa kuwa hukokotolewa juu ya bei, bei ikishuka nayo hushuka. Jambo la kuzingatia ni uhifadhi, kwani gunia lililoliwa na wadudu hufuta faida yote; nafaka ikaushwe vizuri na ihifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa.

Hatua ya tano ni kudai risiti na kuisoma. Muuzaji wa Tanzania Bara hulazimika kusajiliwa kwa VAT mauzo yake yanapofikia shilingi milioni 200 kwa mwaka, kiwango kilichopandishwa kutoka milioni 100 Julai 2023, na nchini Kenya kiwango ni shilingi milioni 5. Asiyesajiliwa hana ruhusa ya kutoza VAT, kwa hiyo mnunuzi anayeambiwa kwamba bei imeongezwa kodi aangalie kama risiti ya mashine ya EFD ina namba ya usajili wa VAT, inayoandikwa VRN, na kama kiasi cha kodi kimeonyeshwa. Muuzaji anayetaja bei mbili, moja ya risiti na nyingine bila risiti, anamshawishi mnunuzi kushiriki kosa, kwa kuwa sheria inamtaka mnunuzi naye adai risiti. Pia anamnyima ushahidi wa ununuzi, ambao bila huo ni vigumu kurudisha jokofu bovu au pampu isiyofanya kazi. Rwanda imekwenda mbele kwa kumrudishia mnunuzi wa mwisho asilimia 10 ya VAT iliyo kwenye risiti ya kielektroniki, na utaratibu huo unastahili kuigwa na majirani zake kwa sababu humfanya mlaji kuwa mlinzi wa kodi anayoilipa.

Wanaojenga wanahitaji kuongeza kodi katika makadirio yao tangu mwanzo. Mifuko 200 ya saruji hubeba ushuru wa shilingi 200,000, na kwa kuwa VAT hutozwa juu ya ushuru huo pia, nyongeza nzima hufika shilingi 236,000, mbali na VAT ya saruji yenyewe. Fundi akitoa makadirio, aulizwe waziwazi kama bei za nondo, bati na saruji zimejumuisha kodi. Mfanyabiashara mdogo asiyesajiliwa naye ajue kwamba VAT anayolipa kwenye bidhaa ni gharama halisi, aiingize katika hesabu ya bei yake, na asidhani faida yake ni tofauti ya bei mbili tu bila usafiri, ada za miamala na umeme.

Kwa kaya zenye uwezo, ushauri mkuu ni wa wajibu. Kaya hizo ndizo zinazonunua zaidi katika maduka rasmi, na kila zinapokubali punguzo la bila risiti, fedha inayopotea ni ile ambayo ingenunua dawa za zahanati na madawati ya shule wanazotegemea wasio na njia nyingine. Wanaoajiri wasaidizi wa nyumbani, walinzi na vibarua wakumbuke pia kwamba kodi ya mafuta inapopanda, mwajiriwa wao huilipa kupitia nauli hata kama hana gari. Kenya ilipopandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, mzigo huo haukuishia kwa wenye magari. Marekebisho ya ujira au posho ya nauli katika nyakati kama hizo ni haki, si hisani.

Sauti ya kaya katika bajeti

Mwaka wa fedha wa Tanzania, Kenya na Uganda huanza tarehe 1 Julai, na hotuba za bajeti husomwa katikati ya Juni. Kabla ya Mswada wa Fedha kupitishwa, kamati za bunge hupokea maoni ya wananchi na makundi mbalimbali, na Katiba ya Kenya ya 2010 katika Ibara ya 201 inataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Vyama vya ushirika, vikundi vya akina mama, vyama vya wapangaji na jumuiya za dini vinaweza kuandaa maoni mafupi yenye takwimu za kaya zao, na zoezi la safu mbili lililoelezwa hapo juu, likifanywa na kaya ishirini za mtaa mmoja, hutoa ushahidi ambao mbunge hawezi kuupuuza kwa urahisi.

Kodi mpya au msamaha mpya unapopendekezwa, kuna maswali matano yanayofaa kuulizwa. Je, bidhaa inayohusika huchukua sehemu kubwa zaidi ya bajeti ya maskini au ya tajiri? Je, maskini ana kitu mbadala cha kutumia bei ikipanda? Je, nafuu inatolewa kwa kiwango cha sifuri au kwa msamaha unaoacha kodi ndani ya gharama? Nani atahakikisha bei inashuka, na atatoa taarifa lini? Na fedha itakayokusanywa itarudi kwa wananchi kwa njia ya huduma gani?

Swali la mwisho ndilo linalobeba uzito wa mengine yote. Kodi ya matumizi haiwezi kumwuliza mnunuzi ana kipato gani, na kwa hiyo haki ambayo haipatikani katika kuikusanya lazima itafutwe katika kuitumia. Shilingi 18,000 zinazotoka kila mwezi katika kaya ya kipato cha chini ni halali kudaiwa iwapo zinarudi zikiwa maji safi, mwalimu darasani na dawa hospitalini, na kaya inayojua kiasi inachotoa ndiyo yenye uwezo wa kuuliza kama kimerudi. Ndiyo maana kila kaya, ya kipato chochote, inashauriwa kuanza mwezi ujao kwa daftari na safu mbili, kuhifadhi risiti zake, na kufika mbele ya wawakilishi wake ikiwa na hesabu kamili ya mchango wake kwa taifa.